Tosha rangi

Herufi ya kwanza kutokea ilikuwa O.

Nilikuwa nimepiga magoti kwenye mchanga wa mwalo wa Katonga, huku Kigoma, saa nne asubuhi, mdomo mkavu maana ilikuwa kumi la kati la Ramadhani, nakwangua ubavu wa mtumbwi wa dagaa. Kazi ya kawaida kabisa. Unakwangua rangi iliyobabuka, unapiga msasa, unapiga praima, ile rangi ya chini ya kushikia, af ndo unaandika jina jipya alilolichagua tajiri, yaani mwenye mtumbwi. Mi huwa naanzia kulia naenda kushoto, mazoea tu. Bluu ikatoka kwa vipande vikubwa kama maganda ya yai, chini yake kukawa na kijani, chini ya kijani ikaja nyeupe ya zamani ile iliyogeuka rangi ya mtindi, na ndani ya hiyo nyeupe kukawa na duara jekundu.

O. Halafu N. Halafu E, halafu N nyingine.

Nikasogea kushoto nakwangua taratibu, sasa kwa ncha ya skrepa sio kwa upana wake, mpaka jina zima likakaa wazi. SINA NENO. Jina la mtumbwi kama majina mengine ya mitumbwi, mwalo mzima umejaa majina ya hivyo, mtu amegombana na shemeji yake anaenda kuyaandikia majini.

Ila kivuli kilikuwa juu.

Mtu wa mabango akishaandika herufi anaipa kivuli ili ionekane imesimama, na kila fundi ninayemfahamu anakiweka chini, kushoto au kulia ni mkono wake tu, ila chini, kwa sababu jua liko juu. Mtu mmoja peke yake nimewahi kumwona akiweka kivuli upande wa juu wa herufi. Alikuwa anasema kwenye mtumbwi mwanga unaokupiga machoni unatoka majini, sasa kivuli kitaendaje chini?

Papa. Fundi wangu.

Alifariki 2019. Na mimi nilikuwa na skrepa mkononi, na advansi ya elfu arobaini ambayo ilishageuka rangi na tina.

"Fundi, mbona umesimama?" Tajiri alikuwa amekaa juu ya dumu, kivulini. "Kwangua yote hiyo. Sitaki rangi ya mtu mwingine chini ya jina langu."

Nikakwangua.

Dakika tano

Simu yangu ilikuwa kwa yule kijana anayechajisha simu huko juu karibu na njia, mia tano kwa simu. Kutoka pale nilipokuwa ni dakika tano kwenda, tano kurudi. Ningesema tajiri naomba nichukue kitu, nakuja. Hamna tajiri anayemkatalia fundi dakika kumi.

Sikwenda.

Hicho ndo kitu ambacho kimenisumbua wiki zote hizi, wala sio kukwangua kwenyewe. Kukwangua ni kazi, nimelipwa nikwangue. Ila kwa nini sikwenda? Nimejipa majibu mengi usiku. Kwamba nilikuwa na kiu. Kwamba jua lilikuwa linapanda na praima inataka ikauke kabla ya mvua ya jioni. Kwamba tajiri angeuliza unapiga picha ya nini, mi ningemjibu nini, kwamba herufi hizi ni za mwalimu wangu? Mtu mzima na ndevu zake analia mbele ya mtumbwi?

Nadhani hilo la mwisho ndo la ukweli. Niliona aibu.

Mwezi ndo bosi

Rafiki yangu mmoja yuko Dar, ana kazi ya ofisini, aliwahi kuniuliza wiki ya msanii inakuwaje, akategemea nimwambie Jumatatu nachora, Jumanne nachora. Nikacheka. Kwanza wiki zangu hazihesabiwi kwa Jumatatu. Kigoma hela inafuata mwezi. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, taa inawavuta juu, sasa mbalamwezi ikiwaka ziwa zima linakuwa na taa moja kubwa ya Mungu na zile za kwenye mtumbwi hazina maana tena, kwa hiyo siku kadhaa za mwezi mpevu mitumbwi inapandishwa mchangani. Hapo ndo mafundi wanakalafati nyufa, wanashona nyavu, na hapo ndo mimi napigiwa simu.

Ona utamu wake sasa. Mtumbwi unapakwa rangi siku ambazo mwenye mtumbwi haingizi hata mia. Kila bei ninayotaja naitaja kwa mtu ambaye hana hela. Akiwa nazo, mtumbwi uko majini, hanihitaji.

Ndo maana kuna "nikivua nitakulipa". Hiyo ni sarafu yetu huku.

Mwaka 2024 serikali ilipofunga uvuvi Ziwa Tanganyika zima kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, kwa makubaliano na Kongo, Burundi na Zambia, ili samaki wapumzike wazaliane, kuna watu walidhani mimi nitashiba maana mitumbwi yote iko nchi kavu miezi mitatu mfululizo. Wapi. Nilipaka mitumbwi miwili. Mtu ambaye hajui watoto watakula nini keshokutwa hawezi kufikiria mtumbwi wake ung'ae. Miezi ile ndo nilijifunza kuuza picha za kutundika ukutani, nitafika huko.

Kwa hiyo hii ninayoisimulia ilikuwa wiki ya mbalamwezi. Wiki ya neema, kwa jina.

Siku ya kudai

Jumatatu ya wiki hiyo sikushika brashi kabisa. Nilizunguka kudai.

Kuna shule moja, jina naliacha, niliwaandikia bango la getini na ramani ya Tanzania kwenye ukuta wa darasa, mikoa yote na maziwa yote, tangu mwaka jana wananidai subira. Laki moja na themanini. Nilipofika mhasibu akaniambia hela ipo ila sahihi haipo. Nikamuuliza sahihi iko wapi, akasema imesafiri. Nikasimama nikaangalia ramani yangu dirishani, kuna mtoto ameongezea kisiwa katikati ya Ziwa Tanganyika kwa kalamu ya wino, kizuri tu, na mnazi wake. Sikukasirika. Kilichonikera ni kwamba yeye amekichora bure kama mimi.

Nikapita kwenye saluni ya Mwanga, pale wananidai wao, nilichukua elfu ishirini nikaahidi kichwa cha mwanamke mwenye rasta ukutani. Yule dada mwenye saluni akanionesha simu, kuna picha ametengenezewa na zile programu za kompyuta zinazochora zenyewe, anataka niinakili ukutani hivyohivyo. Nzuri, siwezi kudanganya, ngozi inang'aa kama amepakwa mawese. Ila mkono uliokuwa umeshika kitana ulikuwa na vidole sita.

"Dada, hiki kidole kimoja nikitoe?"

Akaangalia. Akahesabu. Akasema, "Kiache, kitachana vizuri."

Tulicheka mpaka machozi. Nilikitoa lakini.

Papa na neno tosha

Nilianza kwake nina miaka 13, nimetoka Ujiji kwa miguu, mama amenituma nikajifunze "kazi yoyote isiyo ya majini" kwa sababu mjomba alipotelea ziwani. Papa alikuwa mtu wa Kalemie, ng'ambo, aliyevuka na vita mwaka 1996 wakati watu wanashuka kwenye maboti na magodoro kichwani. Wengine walipelekwa kambini Nyarugusu, yeye sijui alifanyaje, akabaki mjini na boksi la brashi. Brashi alikuwa anaita penso. Kazi ya herufi aliisomea Lubumbashi, kwenye malori, huko alisema lori bila maneno ni kama mtu bila shati.

Kiswahili chake kilinitesa. Siku ya kwanza kabisa alinipa kibao chenye rangi ya zamani na msasa, akasema, "Tosha rangi."

Nikaweka msasa chini.

Akanitazama. "Tosha rangi, mwana!"

Nikakaa mbali kabisa, nimekunja mikono, mtoto mwenye adabu. Rangi imetosha, mzee kasema. Akapandisha sauti, mi nikazidi kutulia, mpaka jirani muuza mise akaja akatutenganisha akaniambia wewe mtoto, kwa Wakongo kutosha ni kutoa, anakwambia toa hiyo rangi yote ubaki mbao tupu.

Miaka yote niliyokaa naye hilo neno lilibaki utani wetu. Nikijaza chakula sahani anasema tosha, nachukua tonge narudisha sufuriani. Ila kwenye kazi hakuwa na utani. Mbao isiyokwanguliwa vizuri, alikuwa anasema, itakuumbua mbele za watu. Alikuwa anapitisha kidole kwenye rangi ya zamani, kidole kikitoka na unga kama chaki, basi hiyo rangi imekufa, ukiweka nyingine juu yake umejenga nyumba juu ya vumbi. Itakuja kubanduka yote.

"Tosha yote. Njo vile."

Kumbukeni hilo la unga, maana nitakiri jambo mbele.

Hana picha hata moja, Papa. Yaani kazi zake. Picha yake mwenyewe ipo, ya kitambulisho, ninayo. Ila kuta alizoandika Mwanga na Gungu zote zimepakwa rangi za mitandao ya simu na za soda, maduka yakawekewa flekisi, yale mabango ya plastiki yanayochapwa na mashine, malori yalishaenda vyuma chakavu. Nikitembea mjini naweza kukuonesha kwa kidole hapa palikuwa na simba wake, hapa palikuwa na kinyozi wake mwenye shingo ndefu, na wewe utaona ukuta wa bluu tu utafikiri nakudanganya.

Nilisoma kwamba sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda mchoro wa mtu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Nikajiuliza, unalindaje kitu ambacho mwenye ukuta ana kopo la rangi?

Kuhusu flekisi, kwa kifupi

Sina ugomvi nayo. Mteja anataka bango leo jioni, mashine inatoa leo jioni, mi nataka siku tatu. Jua letu linaila flekisi mpaka uso wa mgombea unabaki meno na tai, lakini mteja hajali, atachapa nyingine. Watu wa mitumbwi bado wananitafuta kwa sababu moja tu, stika haishiki kwenye mbao inayolala majini. Siku wakipata gundi nitakuwa nauza mihogo.

Sokwe, punda milia na mzungu anayevua kofia

Siku ambayo mtumbwi ulikuwa unasubiri praima ikauke nilikaa kibandani na picha za kuuza. Wageni wanaopanda boti Kibirizi kwenda Gombe, kwenye hifadhi ya sokwe, wananunua, wachache, lakini wanalipa siku hiyohiyo na hakuna sahihi inayosafiri.

Natumia hadibodi na rangi ya mafuta ya makopo, ileile ya mitumbwi. Sio umaskini peke yake. Edward Saidi Tingatinga mwaka 1968 pale Dar alianza hivyohivyo, vipande vya hadibodi na rangi inayopakwa baiskeli, na leo mtindo una jina lake na unauzwa mpaka kwenye viwanja vya ndege. Yeye mwenyewe alifanya miaka minne tu. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakidhani ni mhalifu anayekimbia. Miaka minne. Mi nina zaidi ya ishirini na bado nauza kwa kuangalia uso wa mnunuzi.

Shida yangu ni kwamba wageni wengine wanakuja Kigoma wanataka twiga na punda milia. Twiga! Nawaambia huku tuna sokwe, yule mama Jane Goodall alifika Gombe Julai 1960 akiwa binti wa miaka 26, na mwaka huohuo akamwona sokwe anayeitwa David Greybeard anachomeka jani kwenye kichuguu anavua mchwa, dunia ikabidi ianze kufikiria upya habari ya nani anatumia zana. Wanafurahi kweli, wanatikisa kichwa, af wananunua twiga.

Au wanataka ile ya Ujiji, 1871, Stanley anavua kofia mbele ya Livingstone chini ya mwembe. Hiyo nimechora mara nyingi mpaka kofia naichora macho yamefumba. Mama yangu anakaa si mbali na pale kwenye kumbukumbu, aliiona moja akauliza, "Sasa hawa wa nyuma wanaowashangaa ni kina nani?" Nikamwambia ni watu tu mama, wa kujazia. Akasema, "Wa kujazia ndo babu zako hao."

Tangu siku hiyo hao wa nyuma nawachora nyuso. Zinachukua muda na bei haipandi.

Alipofariki Jane Goodall, tarehe 1 Oktoba 2025, nilipata oda tatu za sura yake ndani ya wiki moja, kitu ambacho hakijawahi kunitokea. Nilizimaliza zote. Nikiwa na ya tatu nikagundua najua mikunjo ya macho ya yule mama kuliko ninavyoikumbuka ya Papa, sababu yake picha zipo elfu.

Ubavu wa pili

Haya. Nilichokuwa nakwepa ni hiki.

Jina la mtumbwi linaandikwa pande mbili.

Adhuhuri ile tajiri alienda msikitini, wavuvi wake wamelala chini ya mtumbwi mwingine na vikoi usoni, njaa imewakata. Nikahamia upande wa kulia. Bluu, kijani, nyeupe. SINA NENO ikatokea nzima, imekaa vizuri kuliko ile ya kwanza, nyekundu yake bado ina damu, na kivuli cheusi chembamba juu ya kila herufi kama nyusi. Kwenye S niliona kabisa pale alipoinua penso akameza mate akarudi, kuna kidonda kidogo cha rangi kwenye tumbo la herufi. Alikuwa anafanya hivyo kwenye S zote. Ile kona ilimshinda mpaka anakufa.

Safari hii nikakimbia kwa simu. Nikafika naambiwa umeme ulikatika tangu saa tatu, simu yako haijaingia hata asilimia moja. Ilikuwa imezima kabisa. Nikarudi. Aliyekuwa macho mwaloni ni dogo mmoja tu na kitochi kisicho na kamera.

Kwa hiyo hata ile asubuhi ningeenda nisingeambulia kitu. Ila mimi nilikuwa silijui hilo nilipokaa.

Nikapitisha kidole kwenye nyeupe. Kikatoka na unga.

Fundi yeyote anajua hapo kinachotakiwa, na mimi nilifundishwa na mtu aliyeiandika hiyo herufi yenyewe. Tosha yote.

Nikafuta vumbi kwa kitambaa, nikachukua praima, nikapaka juu yake. Nilipaka taratibu kama ninavyomfunika mtoto shuka. Tajiri aliporudi akakuta pande zote mbili zina rangi moja ya kijivu, akasema maashallah, umekimbiza. Siku ya pili yake nikaandika BARAKA ZA ALFAJIRI, herufi 16 kila upande kwa bei ya jina la herufi nane, na kivuli nikaweka chini kama watu wote, sikuthubutu.

Akanilipa salio siku mbili kabla ya Idi. Lote. Yaani yule tajiri ambaye nilimharibia kazi kwa makusudi ndo mtu pekee mwezi ule aliyenilipa kwa wakati.

Grisi

Jumamosi ya wiki hiyohiyo nilikuwa kwenye gesti moja mjini, nawachorea MV Liemba, ile meli ya zamani ya ziwa letu, ukuta wa mapokezi. Wakati nachora bomba la moshi akaja mzee mmoja aliyefanya kazi bandarini, akakaa kwenye kochi akaanza kunisimulia ninachokichora, unajua wazee. Kwamba Wajerumani waliijenga Papenburg mwaka 1913, wakaifungua vipandevipande wakaileta kwa meli na kwa reli mpaka hapa, wakaishusha majini 1915. Vita ilipowaelemea mwaka 1916 wakaizamisha wenyewe ili adui asiichukue. Hayo mtoto wa Kigoma unayajua.

"Lakini injini," akasema, "injini waliipaka grisi kwanza. Yote. Halafu ndo wakaizamisha."

Ikakaa chini ya maji mpaka 1924 Waingereza walipoiinua, na mwaka 1927 ikarudi kazini ikiwa na jina jipya. Grisi ilikuwa imefanya kazi yake.

Nilisimama na brashi inadondosha nyeupe kwenye vigae vya watu. Nilifurahi, kiukweli, kwa dakika kama mbili nilijiona na mimi nimepaka grisi. Kwamba ile praima ni kitu cha maana, kwamba nimeificha kazi ya Papa pahala pazuri mpaka siku itakapoinuliwa.

Af nikaanza kushuka. Wale mafundi walipaka grisi kwa sababu walitegemea kuirudia. Mimi nani atarudi? Na meli ilikuwa yao, mtumbwi sio wangu. Nimechukua mbao ya mtu anayelisha watu kumi na nikaifanya sanduku la kumbukumbu zangu, bila kumuuliza, na nikapokea hela yake nikanunulia watoto nguo za sikukuu. Papa mwenyewe angeniona angenizaba kofi. Yeye alikuwa anakwangua majina ya mafundi wengine kila siku, sikuwahi kumwona akisita. Labda chini ya SINA NENO kulikuwa na jina la mtu mwingine, alilitoa lote mpaka mbao, njo vile, ndo maana herufi zake zilidumu mpaka nikazikuta.

Hilo sikuliwaza pale mwaloni. Nimeliwaza juzi tu, nimelala.

Nilimsimulia mama tukiwa tunafuturu. Akaendelea kumenya muhogo wake wa kuchemsha, akauliza kitu kimoja: "Mwenye mtumbwi umemwambia?" Nikasema bado. Hakusema kitu kingine chochote, akanipa chai.

Jana usiku

Nilianza kuandika hii nikiwa na mpango wa kumpigia tajiri nimweleze mwenyewe kabla hajaona. Niliuweka huo mpango wiki tatu.

Jana saa mbili usiku simu ikalia mlio wa Watsapu. Picha. Mtumbwi uko mchangani umepigwa na tochi, ubavu wa kulia, BARAKA yote imebabuka imening'inia kama ngozi ya mtu aliyeungua na jua, na nyuma yake, kwenye nyeupe, herufi nyekundu nne kamili na nusu ya tano. Nimekuza mpaka picha ikaanza kupasuka. Kivuli kiko juu. Kwenye S kile kidonda kipo.

Nimeihifadhi sehemu tatu.

Chini ya picha tajiri ameandika: "Fundi hii kazi gani. Alhamisi mwezi unapevuka naupandisha, uje urudie kwa gharama zako."

Nikamjibu nakuja tajiri, samahani sana, rangi juu yangu, kazi juu yangu. Nikakaa naangalia ile alama ya kwamba anaandika. Anaandika, anaacha, anaandika.

"Sawa. Af huyu alieandika hii ya chini yupo wapi siku hizi? Ana mkono mzuri. Naweza mpata aniandikie na ule mwingine?"

Mpaka sa hivi nimeandika jibu mara nne, nikafuta.